Ordinateri ikinyamaza wakati wa kuamka



Jambo hili munalijua: tunawasha ordinateri, tunaona alama ya kiwanda, kisha ekrani inakuwa nyeusi. Hakuna neno. Mara moja mutu anasema: «Imekufa, tutoe vipande vyake.» Lakini mashini inayonyamaza si maiti sikuzote. Pengine iko inasema, ila sisi hatuisikii.

Tuone ginsi inavyoamka. Kwanza kuna programu ndogo iliyoandikwa ndani ya mashini yenyewe. Kwa mashini za leo inaitwa UEFI. Ndiyo inawasha ekrani na kutafuta diski. Kisha kiini cha Linux kinapakiwa na kuanza kupanga kazi yake. Programu ya kuongoza ekrani inakuja nyuma. Kiini kikianguka mbele ya hapo, maneno yake yanabaki katika memwari, na hakuna mutu wa kuyasoma.

Zamani wafundi walifunga waya kwenye tundu la seri, wakasoma maneno hayo kwa ordinateri ya pili. Lakini mashini nyingi za kubeba za leo hazina tundu hilo tena.

Basi dawa ni nini? UEFI ikiwasha ekrani, inatenga pahali katika memwari. Kila nukta ya ekrani iko na namba zake pale. Namba zikibadilika, rangi ya nukta inabadilika. Tuhesabu: nukta 1024 kwa upana, 768 kwa urefu, ni nukta 786 432. Kila moja ikikula baiti 4, jumla ni baiti 3 145 728. Kiini kinaambiwa pahali hapo panaanzia wapi na vipimo vyake. Tangu 2013 Linux iliweza kuchora herufi pale yenyewe, nukta kwa nukta, pasipo kungojea. Herufi ikiwa nukta 8 kwa 16, tunapata mistari 48 ya herufi 128. Mwaka 2019 kazi hiyo ilitengenezwa upya, kusudi itumike hata kwa mashini za aina ya ARM.

Namna ya kufanya: liste ya GRUB ikitokea, bonyeza e. Kwenye mstari unaoanza na linux, futa neno quiet, na mwishoni uandike earlycon=efifb. Kisha bonyeza Ctrl pamoja na x. Ni kwa kuamka huko tu. Kesho mashini itarudi kama zamani. Maneno yatapita polepole, musiogope. Yakisimama, andika mistari ya mwisho katika kaye yako: inaonyesha mashini ilifikia kazi gani ilipoanguka.

Lakini kama UEFI yenyewe haikuwasha ekrani, dawa hii haisaidii.

Basi wandugu, kwanza tusome mistari ya mwisho, kisha tushike turnevisi.