Taa Nane

Kompyuta ni nini? Watu wengine husema, "Ni mashini yenye akili." Sivyo. Akili ni zawadi ambayo Mungu amemtilia mtu. Kompyuta hufanya upesi sana yale iliyoagizwa na watu, wala haijui maana yake.

Kompyuta hufanya kazi kwa umeme. Hapa Kisangani, katika miaka ya 1950, kituo cha umeme kilijengwa penye maporomoko ya mto Tshopo. Maji huzungusha mashini, na mashini huzaa umeme. Kompyuta nayo hutambua mambo mawili tu: umeme upo, au umeme haupo. "Upo" twaandika 1. "Haupo" twaandika 0.

Mtauliza: Yawezekanaje kuandika barua kwa alama mbili tu? Sikilizeni habari ya darasa letu.

Tulikuwa na kompyuta moja na watoto wengi. Kila siku wale wepesi walikaa mbele na kuigusa. Wale wa nyuma walitazama migongo ya wenzao. Mimi sikuangalia jambo hilo, nalo lilikuwa kosa langu. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, radi ikapiga, umeme ukakatika. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Watoto wa mbele wakanung'unika, "Leo hakuna somo."

Ndipo nilipowaita watoto wanane wa nyuma, nikawapanga mstari mbele ya ubao. "Ninyi ni taa nane," nikawaambia. "Anayesimama ni taa inayowaka. Anayechuchumaa ni taa iliyozimika." Juu ya kila mmoja niliandika hesabu kwa chaki, kuanzia upande wa kuume: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Kila hesabu ni mara mbili ya ile iliyoitangulia.

Mwaka 1963, huko Marekani, mafundi walipatana kwamba kila herufi iwe na hesabu yake. A kubwa ni 65, B ni 66, na kuendelea hivyo. Kompyuta za leo zayafuata bado mapatano hayo.

"Tuandike A," nikasema. Wa 64 akasimama, wa 1 akasimama, wengine wakachuchumaa. 64 na 1 ni 65. Darasa likasoma: 01000001. Kabla sijasema neno lingine, msichana wa penye 1, ambaye hakuwa amegusa kompyuta hata mara moja, akachuchumaa, akamvuta mkono jirani yake: "Simama wewe! Sasa sisi ni B."

Alisema kweli. 64 na 2 ni 66.

Umeme uliporudi kesho yake, msichana yule alikuwa wa kwanza kukaa penye kompyuta. Tangu siku ile tulikwenda kwa zamu, kila mtoto kwa jina lake.

Watoto, watazameni Wagenia wanaotega samaki katika maporomoko ya mto wetu. Mtoto wao hajui kazi kwa kutazama mgongo wa baba yake tu. Hushika kamba kwa mikono yake mwenyewe. Nanyi mkiwa na chombo kimoja, mpeni kila mwenzenu nafasi ya kukishika.

MAULIZO
1. Kompyuta hutambua mambo gani mawili?
2. C ni 67. Ni watoto gani watasimama?
3. Katika darasa lenu, ni nani ambaye hajapata zamu yake?