Lugha ya Hadidu za Rejea: Uajiri wa Mshauri Mwelekezi wa Mipango ya Makazi na Maendeleo ya Jamii katika Gasorwe, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mshauri mwelekezi wa mipango ya makazi na maendeleo ya jamii anavyopatikana katika eneo la Burundi linalohifadhi wakimbizi, yakichukua Gasorwe, Muyinga, kuwa mfano. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya matokeo ya mpango huamuliwa kabla mshauri hajafika nyanjani, yaani katika hadidu za rejea na katika jedwali la alama za tathmini, na kwamba katika nyaraka hizo lugha za wakazi huchukuliwa kuwa jambo la baadaye. Makala yanachunguza istilahi tatu za makazi, yanaonyesha kwa hesabu namna gharama ya tafsiri inavyomwangusha mzabuni, na kupendekeza marekebisho yanayowezekana ndani ya kanuni zilizopo.

1. Mahali penyewe

Gasorwe iko kaskazini-mashariki mwa Burundi. Hadi mgawanyo mpya wa utawala ilikuwa mojawapo ya tarafa za mkoa wa Muyinga. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zikaunganishwa kuwa mkoa wa Buhumuza. Katika makala haya jina Gasorwe linatumika kwa eneo la tarafa ya awali.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo hilo limekuwa na kambi ya Kinama, inayohifadhi wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi wao wakiwa wametoka Kivu Kusini. Wenyeji wa vilima vinavyoizunguka kambi husema Kirundi. Wakimbizi husema Kiswahili cha Kivu, pamoja na Kibembe, Kifuliiru na lugha nyingine za kwao. Ofisi huandika Kifaransa. Katiba ya Burundi inakitambua Kirundi kuwa lugha ya taifa. Kifaransa ni lugha rasmi ya muda mrefu, na Kiingereza kiliongezwa na sheria ya lugha ya 2014. Kiswahili hufundishwa shuleni na husikika sokoni, hasa kwenye njia iendayo mpaka wa Kobero na Tanzania, lakini hakimo katika orodha ya lugha rasmi za nchi. Kwa hiyo mkimbizi wa Kinama anayeulizwa kuhusu nyumba yake hujibu kwa lugha isiyo ya mwenyeji wake wala ya ripoti itakayoandikwa.

Suala hili halikosi uzito wa fedha. Mradi wa maendeleo ya jamii unaojulikana kama Turikumwe, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 kwa ruzuku ya dola milioni 60 za Marekani, ulielekezwa katika mikoa ya Cankuzo, Makamba, Muyinga na Ruyigi, ambako wakimbizi, warejeaji na wenyeji wanaishi kwa kugawana ardhi, maji na kuni. Turikumwe ni neno la Kirundi lenye maana ya «tuko pamoja». Jina la mradi liko katika lugha ya vilimani, ilhali matangazo ya zabuni nchini humo huandikwa kwa Kifaransa.

2. Tanzania ilivyotangulia

Tatizo hili si la Burundi peke yake. Mipango kabambe mitatu ya kwanza ya Dar es Salaam iliandaliwa na kampuni za nje: ule wa 1949 na Sir Alexander Gibb & Partners wa Uingereza, ule wa 1968 na Project Planning Associates wa Toronto, na ule wa 1979 na Marshall Macklin Monaghan, nao wa Kanada. Serikali ya Tanzania ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mpango wa mji huo uliokamilika mwaka 1976 ulipewa tena Project Planning Associates. Nchi iliyokuwa imejizatiti kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi za serikali iliagiza mchoro wa mji wake mkuu kwa Kiingereza. Mfano huu unaihusu Burundi kwa karibu, kwa kuwa Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa mwanzoni mwa 2019, na mji unaokua kwa amri ya serikali huhitaji washauri wengi kwa haraka.

Haimaanishi kwamba washauri hao hawakujua kazi yao. Mshauri hujibu swali aliloulizwa, kwa lugha aliyoulizwa, na hulipwa akishawasilisha ripoti kwa lugha hiyo.

3. Mshauri anavyopatikana

Sheria ya tarafa ya 2005 iliipa tarafa ya Burundi nafasi ya kusimamia maendeleo yake, na chombo chake kikuu ni Mpango wa Tarafa wa Maendeleo ya Jamii. Tarafa chache zina mtaalamu wa mipango wa kuuandaa peke yake. Ndipo mshauri huajiriwa. Ununuzi huo hufuata sheria ya ununuzi wa umma ya 2008 kama ilivyorekebishwa Januari 2018 au, fedha zikiwa za mfadhili, kanuni za mfadhili.

Kwa ufupi, mwenye kazi huandika hadidu za rejea, hutangaza, hupokea maelezo ya nia, huteua orodha fupi, kisha huwaomba walioteuliwa andiko la kiufundi na andiko la fedha katika bahasha mbili tofauti. La kiufundi hufunguliwa kwanza, na asiyefikia kima cha chini hurudishiwa bahasha ya pili bila kufunguliwa. Kwa wanaobaki, alama za ubora na za bei hujumlishwa kwa uzani uliotangazwa. Uzani wa 80 kwa 20 ni wa kawaida. Mshindi hutia saini mkataba wenye lugha moja inayotawala, na malipo hufungamanishwa na ripoti: ya mwanzo, ya rasimu, na ya mwisho baada ya warsha ya uthibitishaji.

Kwa mtafiti wa lugha, jambo la kuzingatia katika mlolongo huu ni kwamba lugha hutajwa mara mbili tu. Kwanza hutajwa katika sifa za wataalamu: Kifaransa ni sharti, Kirundi ni faida ya ziada, Kiswahili mara nyingi hakitajwi. Pili hutajwa katika kifungu cha lugha ya mkataba. Baina ya hapo, mahojiano yote na mikutano yote ya vilimani huachwa mikononi mwa wasaidizi walioajiriwa kwa siku, ambao majina yao hayamo katika andiko lililopewa alama.

4. Maneno matatu

Hojaji ya makazi huanza na kipimo cha hesabu, na kipimo hicho katika Kifaransa ni «ménage». Kwa Kirundi neno lililo karibu ni «urugo». Lakini urugo ni boma, ni ua wenye nyumba ndani yake, na vilevile ni ndoa na maisha ya waliooana. Kijana aliyeoa na kujenga chumba katika ardhi ya baba yake anaweza kuhesabiwa kuwa na urugo wake, au kuwa ndani ya urugo wa baba, kutegemea aliyeulizwa alikuwa akifikiria ndoa au ua. Mkalimani akiligeuza swali hilo kwa Kiswahili sanifu atasema «kaya». Neno hili ni la kawaida katika takwimu za Tanzania, lakini si neno la mazungumzo ya watu wa Kivu, na anayelisikia kambini huenda akalielewa kuwa jamaa nzima, pamoja na ndugu waliobaki Uvira au Fizi. Swali moja limekwisha kuwa maswali matatu. Idadi ya nyumba zinazohitajika hutokana na majibu yake.

Neno la pili linahusu ardhi, na hapa ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Kirundi hutofautisha «itongo», yaani ardhi ya familia inayorithiwa na kulimwa, na «ikibanza», yaani mahali pa kujenga. Msemaji wa Kivu ana «parseli», neno lililotoka katika Kifaransa cha miji ya Kongo, lenye maana ya kiwanja chenye mipaka pamoja na nyumba zilizomo. Mshauri anapoandika katika ripoti kwamba wakazi wanakubali kutoa «parcelles» kwa ajili ya makazi mapya, mwenyeji huenda alikubali kutoa ikibanza huku akijua kwamba itongo linabaki lake, na mkimbizi huenda alisikia kwamba atapewa parseli, mahali pa kudumu. Katika nchi ambayo sensa ya 2008 ilihesabu watu 8,053,574, wengi mno wakiwa wakulima wa mashamba madogo, na ambako mashauri ya ardhi ya warejeaji yalilazimu kuundwa tume ya kitaifa mwaka 2006, kutoelewana kwa namna hiyo huishia mbele ya abashingantahe au mahakamani.

La tatu ni «kijiji». Warundi kwa desturi hawaishi vijijini. Huishi vilimani, kila boma katikati ya migomba yake. Makazi ya pamoja yaliyojengwa kwa ajili ya warejeaji baada ya vita, yakiwemo yale yaliyoitwa vijiji vya amani, yana jina lake katika Kirundi, «ikigwati», na jina hilo hubeba kumbukumbu ya kuhamishwa. Mtanzania aliyemo katika timu ya mshauri atatamka «kijiji» bila wasiwasi wowote, maana kwake hicho ni ngazi ya serikali za mitaa. Msikilizaji wa Gasorwe husikia pendekezo la kuhama.

5. Hesabu ya zabuni

Huulizwa kwa nini washauri hawajumuishi tafsiri katika bei yao. Mfano wa kubuni unatosha kujibu. Wazabuni wawili wamepata alama 82 kila mmoja za kiufundi. Wa kwanza anadai faranga milioni 90. Wa pili anadai milioni 102, kwa kuwa ametenga milioni 12 kwa wakalimani wenye mafunzo, kuchapisha hojaji kwa Kirundi na Kiswahili, na kurudisha rasimu vilimani na kambini isomwe kwa sauti. Kwa uzani wa 80 kwa 20, wote wana 65.6 za ubora. Kwa bei, wa kwanza anapata 20 kamili. Wa pili anapata 17.6, yaani 90 kugawanya kwa 102, mara 20. Jumla ni 85.6 dhidi ya 83.2. Aliyepanga kusikiliza ameshindwa, na mwaka ujao hatapanga tena.

Angepata alama tatu zaidi za kiufundi, yaani 85 badala ya 82, angeshinda kwa tofauti ndogo sana. Alama tatu kati ya mia si dai kubwa. Hadidu za rejea zikiutambua mpango wa lugha kuwa kigezo chenye alama kumi, wazabuni hawa wawili hawatalingana tena.

Njia ya pili ni nyepesi zaidi kwa ofisi: kuiweka gharama ya tafsiri kuwa kiasi kilichotengwa na mwenye kazi, sawa kwa wazabuni wote na nje ya ushindani wa bei. Kiasi cha aina hiyo hakihitaji sheria mpya, na kina faida nyingine: kwa kuwa hutumika kwa idhini ya mwenye kazi, tarafa hupata sababu ya kuuliza wakalimani ni akina nani. Wapo watakaosema kwamba hilo linaongeza urasimu. Linaongeza kweli, ila karatasi moja ya idhini ni nafuu kuliko kupima upya viwanja.

6. Warsha ya uthibitishaji

Inabaki hatua ya mwisho, ambayo katika mikataba mingi ndiyo sharti la malipo ya mwisho. Warsha ya uthibitishaji kwa kawaida hufanyika katika ukumbi wa makao ya mkoa, kwa slaidi za Kifaransa, na waalikwa wa vilimani hutia saini orodha ya mahudhurio. Saini hiyo huambatishwa katika ripoti kama ushahidi wa ushirikishwaji. Mkataba ungeweza kudai kitu kingine: muhtasari wa kurasa chache kwa Kirundi na kwa Kiswahili kinachoeleweka Kivu, uliosomwa kwenye mkutano wa kilima na kwenye mkutano wa kambi kabla ya warsha, pamoja na faharasa ya istilahi za ardhi na nyumba kama kiambatisho cha mkataba wenyewe, ili urugo, itongo na parseli ziwe na maana moja kwa mshauri, kwa tarafa na kwa atakayejenga.

Chini ya mgawanyo mpya, ofisi ya tarafa inahudumia vilima vingi kuliko awali, na mipango iliyoandikwa kwa tarafa za zamani italazimika kuandikwa upya. Hadidu za rejea za kazi hiyo ndizo zinazopaswa kusomwa kwanza na mshauri wa sera, kabla ya kutangazwa, akianzia kwenye ukurasa wa sifa za wataalamu.