Je, Mwalimu Alipwe kwa Matokeo ya Mtihani?

Katika darasa la itikadi tulilofundisha Shangani, Mtwara Mjini, ndugu mmoja aliuliza: kwa nini mwalimu wa shule ya Serikali anayefaulisha watoto wengi alipwe sawa na asiyefaulisha? Swali hili linahitaji uchambuzi, si jazba.

Malipo kwa matokeo ni fedha anazopewa mwalimu juu ya mshahara wake kwa kadiri wanafunzi wake wanavyofaulu. Fikra hii si ngeni. Kuanzia mwaka 1862, ruzuku ya shule nyingi za Uingereza ilitegemea mtihani wa kila mtoto katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu wakakaririsha, na masomo yasiyolipiwa yakawekwa kando. Utaratibu huo ulifutwa miaka ya 1890. Mji wa New York, Marekani, nao ulianza mwaka 2007 kutoa bakshishi ya hadi dola 3,000 kwa kila mwalimu katika baadhi ya shule zake za umma. Mwaka 2011 mpango ukaachwa, kwani watafiti hawakuona ufaulu ukipanda.

Na hapa nchini? Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule 70 zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika shule 70 nyingine, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Shule 70 zilipata vyote viwili, na 140 zilikuwa za kulinganishia. Ruzuku peke yake haikuinua elimu ya watoto. Ahadi ya fedha peke yake ilifanya kidogo. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi.

Sababu iko wazi. Kazi yoyote ina pande mbili: zana, na mtu anayezitumia. Vitabu bila mwalimu mwenye ari hukaa kabatini. Mwalimu mwenye ari bila vitabu hubaki mikono mitupu.

Lakini iko hatari. Mbanguaji wa korosho akilipwa kwa kilo, atashawishika kuziruka zile ngumu. Vivyo hivyo, mwalimu akilipwa kwa idadi ya waliofaulu, atamshughulikia aliyekaribia kufaulu. Mtoto wa ofisa mwenye masomo ya ziada nyumbani atafaulu, na mwalimu atalipwa kwa jasho lisilo lake. Mtoto wa mvuvi wa Ufukoni anayekuja na njaa, asiyejua hata herufi, ndiye korosho ngumu. Hapo fedha ya umma itakuwa imeongeza pengo la kitabaka. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikwisha kuonya dhidi ya kuutukuza mtihani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu:

Kwanza, mshahara na haki za mwalimu zilipwe kwa wakati. Bakshishi haiwezi kuziba pengo la deni.

Pili, motisha na zana viende pamoja, hasa mijini, ambako madarasa yamefurika tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016.

Tatu, kipimo kiwe na ngazi nyingi, ili hata mtoto anayeanza kutambua silabi ahesabiwe. Jaribio la mwaka 2015 na 2016 lilionyesha kwamba utaratibu rahisi wa aina hiyo haukushindwa na ule wa hesabu ngumu za kulinganisha wanafunzi.

Kada anapokwenda kwenye mkutano wa wazazi, asiridhike kuuliza wangapi wamefaulu. Aulize pia: wangapi hawajui kusoma, na ni nani anayewashughulikia?