Deni Lisiloandikwa Daftarini

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa, utajenga ukuta. Waundaji wa programu za kompyuta nao wana jina la ufa huo: deni la kiufundi. Mwaka wa 1992, Ward Cunningham wa Marekani alifananisha programu iliyotolewa kabla ya kusanifiwa vyema na mkopo. Mkopo mdogo huharakisha kazi, mradi ulipwe mapema. Usipolipwa, kila saa inayopotea katika kuhangaika na kasoro zake ni riba.

Mwanafunzi wa Kwale hana haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Katika miaka ya 1980, pampu za mkono zilifanyiwa majaribio katika pwani hii ya kusini, na majaribio hayo yakachangia kuzaliwa kwa Afridev, pampu inayotumika leo katika nchi nyingi. Walioisanifu walikusudia wanakijiji wenyewe waweze kuifungua kwa spana moja na kubadilisha raba na beringi zilizolika. Walijua tangu mwanzo kwamba kila kifaa hudai matunzo.

Hata hivyo, usanifu mwema peke yake haulipi deni. Beringi ya plastiki ni ya bei nafuu, lakini ikiachwa iishe kabisa, chuma husaga chuma na gharama hupanda. Siku ya kuzindua kisima wakubwa huja na ngoma hulia. Siku ya kubadilisha raba haji mtu. Na anayelipa riba si yule aliyepigiwa makofi, bali ni mama na binti wanaofuata maji kisima cha mbali.

Ndivyo ilivyo pia katika ofisi za programu. Anayesifiwa ni aliyemaliza upesi. Anayekesha ni aliyeajiriwa baadaye. Kwa miaka mingi programu ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi. Ulipokaribia mwaka wa 2000, mabilioni ya dola yalitumika kuzirekebisha.

Tufanyeje basi? Huko Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa katika mipini ya pampu, vikawa vinatuma habari za matumizi yake kwa njia ya simu. Kwa kuwa fundi alikuwa tayari, muda wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Baadaye mpango wa namna hiyo uliletwa Kwale. Somo ni bayana: deni lionekane, mlipaji ajulikane, na fungu la matunzo litengwe mapema.

Enyi walimu, msitoe alama kwa sababu tu programu imefanya kazi siku ya mtihani. Mpeni mwanafunzi programu iliyoandikwa na mwenzake mwaka uliopita, airekebishe. Hapo atajua ni nani hulipa.