Neno Lililopotea Kizimbani: Filamu, Ukalimani na Hukumu Isiyo ya Haki, kwa Kurejelea Mahakama za Kisii na Nyamira

Utangulizi

Filamu za drama zinazosimulia visa vya kweli vya watu waliotiwa hatiani bila haki zina mbinu moja iliyozoeleka. Mtazamaji hujulishwa mapema kuwa mshtakiwa hana hatia, kisha huketi akiitazama mahakama ikijongea hatua kwa hatua kuelekea kwenye kosa. Chanzo cha kosa hilo aghalabu huwa ni shahidi mwongo, mateso ya polisi au ushahidi uliofichwa. Ndivyo ilivyo katika In the Name of the Father (1993), inayohusu watu wanne waliofungwa Uingereza mwaka 1975 kwa mlipuko wa Guildford na kuachiliwa mwaka 1989. Ndivyo ilivyo pia katika Just Mercy (2019), inayomhusu Walter McMillian wa jimbo la Alabama nchini Marekani.

Kipo hata hivyo chanzo kingine ambacho hakitajwi sana, nacho ni neno lililopotea kati ya lugha mbili. Makala haya yanakieleza chanzo hicho kwa kuanzia na filamu moja iliyokiweka katikati ya kisa chake. Yanageukia kesi ya Kapenguria, kisha yanaingia katika mahakama za Kisii na Nyamira, ambako usemi wa mshtakiwa huweza kupitia Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza kabla ya kuandikwa. Hoja inayotetewa ni kwamba ukalimani wa mahakamani ni sehemu ya haki yenyewe, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana dhima ndani yake.

Filamu ya Gregorio Cortez

The Ballad of Gregorio Cortez ni filamu ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Robert M. Young, na Edward James Olmos ndiye aliyemwigiza Cortez. Msingi wake ni utafiti wa Américo Paredes, mtaalamu wa fasihi simulizi aliyechapisha kitabu kuhusu kisa hicho mwaka 1958. Cortez alikuwa mkulima mwenye asili ya Meksiko aliyeishi Texas. Tarehe 12 Juni 1901 mkuu wa polisi wa wilaya ya Karnes alifika kwake akimtafuta mwizi wa farasi. Mkuu huyo hakujua Kihispania, naye Cortez hakuwa na Kiingereza cha kutosha. Kati yao alisimama msaidizi wa polisi aliyejidai kuijua lugha ya pili.

Cortez aliulizwa iwapo alikuwa amebadilishana farasi. Neno lililotumika katika swali ni "caballo", yaani farasi dume. Alijibu kuwa hakufanya hivyo, na jibu lake lilikuwa la kweli, kwa kuwa mnyama aliyembadilisha alikuwa "yegua", farasi jike. Mkalimani hakuielewa tofauti hiyo, na jibu likachukuliwa kuwa uongo. Maneno yaliyofuata nayo yalifasiriwa vibaya, hata ikaonekana kana kwamba Cortez anakataa kukamatwa. Risasi zikafyatuliwa, kaka yake akajeruhiwa na mkuu wa polisi akafa. Cortez alikimbia kwa siku kumi, na katika msako huo watu wengine wakauawa.

Cortez hakukana kuwa alimpiga risasi mkuu huyo. Swali la kisheria lilikuwa iwapo aliua kwa kukusudia au alikuwa akijihami, na jibu lake lilitegemea kilichosemwa uani kabla ya risasi ya kwanza. Hukumu kadhaa dhidi yake zilitenguliwa katika rufaa. Mwaka 1904 baraza la wazee wa mahakama lilimwondolea hatia ya kumuua mkuu huyo. Hata hivyo, kwa kifo cha afisa mwingine alipewa kifungo cha maisha, na akabaki gerezani hadi gavana alipomsamehe mwaka 1913.

Mwongozaji aliamua kutoyafasiri maneno ya Kihispania katika filamu. Mtazamaji asiyeijua lugha hiyo anamwona Cortez akisema kwa uchungu, lakini haambulii chochote. Anabaki kwenye nafasi ileile ya polisi. Ni karibu na mwisho tu, pale mkalimani hodari, ambaye ni mwanamke, anapoketi na mfungwa na kuuliza upya, ndipo tofauti kati ya maneno yale mawili inapobainika. Hapo mtazamaji anatambua kuwa naye alikwisha kutoa hukumu bila kusikia. Mbinu ya kawaida ya filamu za aina hii humpa mtazamaji ujuzi ambao mahakama haina. Filamu hii humnyima ujuzi huo, na kwa njia hiyo humfundisha uzito wa kutokuelewa.

Jambo moja linafaa kuangaliwa na mwanaisimu wa Kiswahili. Neno "farasi" hujumuisha dume na jike. Lau swali lile lingeulizwa kwa Kiswahili, Cortez angejibu ndiyo. Kosa basi halikuwa katika upungufu wa ukweli. Lilikuwa katika namna kila lugha inavyoigawanya dunia.

Kapenguria: Mkalimani Aliyepingwa

Afrika Mashariki ina mfano wake. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Ramogi Achieng' Oneko walikamatwa Oktoba 1952, na tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker akawatia hatiani kwa kuongoza Mau Mau. Kila mmoja alipewa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kesi hii hukumbukwa zaidi kwa sababu ya Rawson Macharia, shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, ambaye mwaka 1958 alitangaza kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa kiapo hicho kipya, naye akafungwa.

Upande wa lugha husahaulika. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyeijua Kikuyu tangu utotoni na ambaye alikuwa ameandika dhidi ya Mau Mau. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, aliupinga ukalimani wake, na hatimaye Leakey akaiacha kazi hiyo kabla ya kesi kumalizika. Ubishi huo unatoa funzo kwamba kuijua lugha hakutoshi, kwani mkalimani sharti pia asiwe na upande. Achieng' Oneko, Mjaluo, alihusishwa na mikutano iliyoendeshwa kwa lugha ambayo si yake. Mahakama ya rufaa ilimwondolea hatia Januari 1954, lakini aliendelea kuwekwa kizuizini.

Safari ya Usemi Kisii na Nyamira

Kaunti za Kisii na Nyamira ni makao ya Abagusii, na Ekegusii ndiyo lugha ya nyumbani na sokoni. Mahakama zipo Kisii mjini, Ogembo, Keroka na Nyamira. Kwa mujibu wa kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kumbukumbu ya kesi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mwanakijiji anayetoa ushahidi kwa Ekegusii husikika kupitia karani wa mahakama, ambaye mara nyingi hufanya kazi ya ukarani na ya ukalimani kwa pamoja. Karani huyafasiri maneno yake kwa Kiswahili au Kiingereza, hakimu akaandika kile alichokielewa, na mahakama ya rufaa, miaka kadhaa baadaye, ikasoma maandishi hayo peke yake. Sauti ya asili haipo tena faili inapofika juu.

Mahali Neno Linapopotea

Mfano wa kwanza ni wa istilahi za ukoo. Katika Ekegusii cha jadi, "tata" ni baba na "baba" ni mama. Chukulia mtoto aliyeshuhudia ugomvi nyumbani, naye anasema kwa mchanganyiko wa lugha kwamba "baba" ndiye aliyeshika panga. Mkalimani asiyeuliza mtoto anatumia lugha gani katika neno hilo huweza kumpeleka gerezani mzazi asiyehusika. Hatari ni kubwa zaidi siku hizi kwa kuwa watoto wengi wa mijini huchanganya Kiswahili na Ekegusii ndani ya sentensi moja, na neno lilelile huweza kubadilika maana kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Mfano wa pili ni wa viungo vya mwili. "Okoboko" cha Ekegusii, kama "mkono" wa Kiswahili, huanzia begani hadi vidoleni. "Okogoro", kama "mguu", huanzia pajani hadi wayo. Kiingereza hugawanya kila kimoja mara mbili. Mlalamishi akisema alikatwa mkono, na mkalimani akachagua neno la kiganja ilhali fomu ya P3 ya daktari inataja jeraha la juu ya kiwiko, wakili atauita ushahidi huo kuwa unajipinga. Msemaji wa kweli huonekana mwongo, kama alivyoonekana Cortez.

Mfano wa tatu ni wa kisarufi. Kiambishi cha nafsi "a-" cha Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke, na Ekegusii vilevile. Kumbukumbu ya Kiingereza humlazimu mwandishi kuchagua. Pale watuhumiwa ni mume na mke, "alinipiga" haiwezi kuandikwa bila mtu kuamua ni nani. Zaidi ya hayo, Ekegusii hutofautisha kwa umbo la kitenzi wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali. Tofauti hiyo ikimezwa na "-li-" ya Kiswahili, tukio la asubuhi na tukio la mwaka jana huonekana kuwa sawa, labda shahidi aulizwe tena.

Mfano wa nne ni wa kifonolojia. Ekegusii hakina sauti /l/ inayojitegemea, hivyo baadhi ya wazungumzaji wake husema "karamu" wanapokusudia "kalamu", na "kura" wanapokusudia "kula". Mkalimani mwenyeji husahihisha bila kujua, ilhali mgeni huandika alichosikia.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika neno dogo la kukiri. Hati ya mashtaka husomwa kwa sentensi ndefu yenye tarehe, mahali, kitendo na nia. Mshtakiwa akijibu "ni kweli", huenda amekubali kwamba alikuwapo tu. Akisema "naomba msamaha", huenda anaonyesha adabu mbele ya mkubwa wala hakiri kosa. Uzito wa jambo hili ni bayana ukilinganisha adhabu: wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka mitatu, ilhali wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu una hukumu ya kifo. Tofauti ya makosa hayo hubebwa na vijineno kama vile alikuwa na silaha au la, alikuwa peke yake au na wenzake.

Sheria Inavyoagiza

Sheria haikunyamaza. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu wa kupokea kukiri. Mashtaka na vipengele vyake vyote yaelezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha maelezo ya kesi yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga. Akiongeza neno linaloleta shaka, kukiri kwake kufutwe.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50(2)(m), inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya mahakama. Katikati ya miaka ya 2000 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilibatilisha hukumu kadhaa kwa kuwa kumbukumbu hazikuonyesha lugha iliyotumika. Baadaye maamuzi yalilegea, na mahakama zikaanza kuangalia iwapo mshtakiwa alishiriki kwa kuwahoji mashahidi. Walakini, kuandika kwamba ukalimani ulikuwapo hakuthibitishi kuwa ulikuwa sahihi. Faili hutaja lugha, lakini haisemi iwapo "baba" alikuwa baba.

Hitimisho

Waswahili husema ulimi hauna mfupa. Filamu ya Cortez, kesi ya Kapenguria na mifano ya Gusii vinaonyesha kuwa mtu anaweza kusema kweli na bado akatiwa hatiani, kwa kuwa kweli yake ilipita katika ulimi wa mwingine. Kiswahili kimesomwa sana vyuoni kama fasihi na isimu, na kwa kiasi kidogo kama daraja la haki. Mwanafunzi anayejua Ekegusii na Kiswahili anao ujuzi unaohitajika Ogembo, Keroka na Nyamira. Anaweza kuanza kwa kukusanya istilahi za ukoo, za mwili, za mifugo na za makosa katika lugha zote tatu, pamoja na mahali zinapoachana. Orodha ya namna hiyo ikiwa mezani kwa karani, shahidi atakaposema "baba", karani atajua kwamba kabla ya kufasiri anapaswa kuuliza.