Foki na gurudumu la mbele: pima kwanza, nunua baadaye

Mvua zikikatika na makorongo yakabaki barabarani, kuna swali ambalo hurudi sana kwenye kipindi chetu. Dereva wa bodaboda ametumbukia kwenye shimo, foki imepinda na rimu imekunjika. Foki mpya ni ghali, ila amepata ya mtumba iliyotolewa kwenye pikipiki ya aina nyingine. Je, aifunge?

Msikilizaji mwingine ana pikipiki ya zamani ya baba yake, Honda XL125 au Yamaha DT125, zile zilizotumiwa sana na maofisa wa serikali na watu wa miradi. Injini bado inawaka, lakini mbele pamechoka. Anauliza kama anaweza kuweka foki na gurudumu la pikipiki za siku hizi.

Jibu kwa wote wawili ni kwamba inawezekana, kwa sharti moja. Foki, ekseli, breki na gurudumu ni familia moja. Ukinunua kimoja bila kuwaangalia ndugu zake, unaweza kupata pikipiki inayotembea vizuri pale Katesh mjini na kukuangusha kwenye mteremko wa Magara.

Foki inafanya kazi gani?

Foki ni ile miguu miwili ya mbele ambayo mafundi wengi huiita shokapu za mbele. Kila mguu una bomba la chuma linalong'aa, nalo huingia na kutoka ndani ya mguu mnene wa chini. Ndani kuna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili hupita kwenye matundu madogo na kuituliza springi, isirukeruke baada ya kila shimo. Mpangilio huu wa springi pamoja na oili ulianza kutumika kwenye pikipiki za kuuzwa mwaka 1935, BMW ya Ujerumani ilipotoa pikipiki yake ya R12. Hadi leo pikipiki nyingi duniani zinatumia wazo hilohilo.

Foki ikichoka, tairi la mbele haligusi ardhi muda wote, linadunda. Na tairi likiwa hewani halina breki wala kona. Kwenye lami ya Babati hadi Singida unaweza usione tatizo. Utaliona kwenye changarawe, ukishuka kutoka Dongobesh kwenda Dareda na abiria nyuma.

Anza na njia na mzigo wako

Ulaya kuna watu wanaojenga upya pikipiki za miaka ya 1960 kwa ajili ya mashindano ya mbio. Wenye uzoefu hawaanzi kwa kuuliza foki ipi inapendeza. Huuliza kwanza mbio ni za njia gani, pikipiki ina uzito gani, breki ni ya aina gani. Wakishajua, ndipo wanatafuta foki, habu na rimu vinavyoelewana.

Nasi tufanye hivyohivyo. Anayebeba abiria mmoja kati ya Katesh na Endasak kwenye lami, na anayebeba vitunguu saumu kutoka vijiji vya Mbulu kwa njia ya mawe, hawana mahitaji sawa. Na yule wa Basotu, kwenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, ana mahitaji yake. Huyo anahitaji nafasi ya kutosha kati ya tairi na madigadi, la sivyo tope litajaa na gurudumu litakataa kuzunguka.

Vipimo vitano vya kuchukua

Nenda dukani au gereji na rula, na kama fundi ana kipimo cha venia, ni bora zaidi. Pima haya kwenye foki yako ya zamani, kisha kwenye ile unayotaka kununua.

Kwanza, unene wa bomba linalong'aa. Tofauti ya milimita moja inatosha kukwamisha kazi. Bomba jembamba likibanwa kwenye vishikizo vya bomba nene kwa kuongezewa kipande cha bati, litateleza siku moja, na siku hiyo hutaichagua wewe.

Pili, urefu wa mguu mzima, kutoka juu ya bomba hadi katikati ya tundu la ekseli. Miguu yote miwili iwe sawa.

Tatu, unene wa ekseli. Ikiwa nyembamba kuliko tundu la foki au beringi za gurudumu, gurudumu litacheza.

Nne, nafasi kati ya miguu miwili. Habu ikae katikati, na bushi za pembeni zitoshe bila kulazimisha miguu ipanuke au ibanane.

Tano, breki. Hapa naomba usome taratibu.

Breki ndiyo inayoua

Kwenye breki ya dramu, lile bamba linaloshika viatu vya breki lazima lizuiwe lisizunguke na gurudumu. Kwa hiyo mguu mmoja wa foki una nundu, na bamba lina mfereji unaoingia kwenye nundu hiyo. Pikipiki nyingine hutumia mkono wa chuma badala yake. Ukichanganya foki ya aina moja na gurudumu la aina nyingine, nundu na mfereji vinaweza visikutane kabisa.

Hili lilinikuta mwenyewe. Niliwahi kufungiwa gurudumu la mtumba kwenye pikipiki yangu, na bamba lilipokosa mahali pa kushika, likafungwa kwa waya. Nilipobana breki kwa nguvu mara ya kwanza, waya ulikatika, bamba likazunguka, kebo ikajivingirisha na gurudumu likajifunga. Bahati yangu ilikuwa tambarare na nilikuwa peke yangu. Nilitoka na goti lililochubuka. Ingekuwa kwenye mteremko na mama mjamzito nyuma anayewahishwa hospitali ya Haydom, habari ingekuwa nyingine.

Kwa breki ya diski, angalia kama foki ina masikio ya kufungia kalipa, na kama kalipa inakaa katikati ya diski bila kuigusa upande mmoja. Foki isiyo na masikio haitengenezewi ya kuchomelea. Joto la kuchomelea hudhoofisha mguu wa aluminiamu, na ufa unaweza kuanzia palepale.

Usisahau pia kwamba kasi inakula breki kuliko tunavyodhani. Ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, nguvu ambayo breki inapaswa kuimaliza haiongezeki kwa nusu tu. Inazidi mara mbili.

Gurudumu la inchi 17 kwenye pikipiki ya inchi 21?

Turudi kwa mwenye XL125 au DT125. Tairi la mbele la pikipiki hizo ni la rimu ya inchi 21. Bodaboda nyingi za sasa, kama Boxer, zina inchi 17. Ukifunga gurudumu la inchi 17 kwenye pikipiki hiyo ya zamani, mbele panashuka kama sentimita 5. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na pikipiki inaanza kutikisika ukiongeza kasi au ukishuka mlima. Spidomita nayo, kama inaendeshwa na gurudumu la mbele, itakudanganya.

Isitoshe, gurudumu kubwa hupanda jiwe kwa urahisi, na dogo huligonga. Ndiyo sababu pikipiki za porini zilipewa inchi 21. Kwa njia zetu za Yaeda Chini, ni heri kutafuta rimu ya inchi 21 na kuisuka upya kwenye habu ya zamani kuliko kuipunguza pikipiki kimo. Hesabu matundu ya spoku kabla ya kulipa, kwa sababu habu ya matundu 36 inataka rimu ya matundu 36.

Spoku au spoti rimu?

Rimu ya spoku hunyumbuka kidogo inapogonga. Ikikunjika, fundi mzuri huinyoosha kwa kukaza na kulegeza spoku, na spoku iliyokatika hubadilishwa peke yake. Kasoro yake ni kwamba inataka uangalizi, na mara nyingi hutumia tyubu.

Spoti rimu haihitaji kukazwa, na aina nyingine hukubali tairi lisilo na tyubu, hivyo pancha haimalizi upepo ghafla. Lakini pigo kubwa huipasua au kuimega ukingo. Ikishapasuka, usikubali ichomelewe, hasa ya mbele.

Kwa anayekaa kwenye lami, spoti rimu ni raha. Kwa njia ya mawe na mzigo, mimi ningechagua spoku, kwa sababu fundi wa kuisuka anapatikana hata kwenye senta ndogo.

Spoku zina lugha yake. Inua gurudumu, chukua spana ndogo, gonga spoku moja baada ya nyingine. Iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Ukisikia moja inalia tofauti, mpelekee fundi leo, kwa kuwa wenzake ndio wanaobeba mzigo wake.

Kuikagua foki ya mtumba

Omba bomba litolewe. Liviringishe juu ya kioo cha dirisha. Likiwa limenyooka, litaviringika kimya. Likiwa limepinda, utaona mwanga ukipita chini yake. Kupinda kidogo kunaweza kunyooshwa kwa mashine ya kukandamiza. Penye mkunjo au ufa, liache hapohapo.

Pitisha ukucha kwenye sehemu inayong'aa. Kutu au mkwaruzo unaokwaza ukucha utakata sili, na oili itavuja ndani ya muda mfupi. Oili ikishukia kwenye breki, breki imekwisha.

Badilisha sili zote mbili kwa pamoja, na weka oili ya foki kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, sawasawa kila mguu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai. Ikiwa pungufu, foki itagonga chini. Ikizidi, sili zitapasuka.

Soma maandishi ya tairi

Tairi la mbele la bodaboda linaweza kuandikwa 2.75-17 41P. Maana yake ni upana wa inchi 2.75, rimu ya inchi 17, na 41 ni alama ya kubeba kilo 145. La nyuma lenye 3.00-17 50P linabeba kilo 190. Sasa piga hesabu ya mishikaki. Pikipiki yenyewe ina kilo mia na zaidi, dereva 70, abiria wawili 140. Sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma, kwa hiyo kilo 190 zinapita haraka. Na ukibana breki kwenye mteremko, uzito unakimbilia mbele, juu ya foki ileile uliyoinunua mtumba.

Angalia pia tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT. Mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani huwa gumu hata kama meno yake bado yapo.

Kabla ya kubeba mtu

Ukishafunga, inua mbele, shika miguu ya foki kwa chini na uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi za usukani zimelegea. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote na uhakikishe kebo hazivutiki. Shika breki, ikandamize foki mpaka chini, uone kama tairi linagusa madigadi. Kisha jaribu peke yako, kwenye tambarare, kwa mwendo mdogo, ukibana breki mara kadhaa. Kaza nati zote tena baada ya siku ya kwanza.

Kama fedha haitoshi, anza na bomba lililonyooka, sili na breki inayoshika mahali pake. Rangi na madoido yatasubiri. Na kama uko kwenye mkataba, kaa na mwenye pikipiki mkubaliane mapema nani analipia foki, kabla haijapinda. Najua hesabu ya siku haisubiri. Lakini siku mbili za gereji zina mwisho, na mguu uliovunjika Magara unaweza kukuweka nyumbani msimu mzima.