Kano, Ligamenti na Ridhaa ya Mgonjwa: Istilahi za Kiswahili katika Upasuaji wa Kujenga Upya Ligamenti za Kifundo cha Mkono

Ikisiri
Makala haya yanafafanua upasuaji wa kujenga upya ligamenti iliyokatika muda mrefu katika kifundo cha mkono. Yanaonesha kuwa upasuaji huo hauwezi kuelezwa sawasawa kwa Kiswahili, kwa mgonjwa anayetakiwa kuuridhia, iwapo istilahi chache za msingi hazitatenganishwa. Mfano unaotumika ni ligamenti inayofunga mifupa ya skafoidi na lunati.

1.0 Jeraha na hatima yake
Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyopangwa katika safu mbili. Mifupa hiyo hushikiliwa na ligamenti, yaani nyuzi fupi na ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kati ya skafoidi, ulio upande wa kidole gumba, na lunati, wenye umbo la mwezi mwandamo, ipo ligamenti ambayo hukatika mtu anapoanguka na kujikinga kwa kiganja kilichokunjuliwa. Ajali za pikipiki na kuteleza kutoka kwenye ngazi ni visababishi vinavyojulikana.

Mgonjwa husema ameteguka. Eksirei ya kwanza huenda isioneshe mfupa uliovunjika, mkono huchuliwa au hufungwa bandeji, na maumivu hupungua kwa muda. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Katika wiki za mwanzo ncha za ligamenti zinaweza kushonwa zikapona. Baada ya takribani wiki 6 ncha hizo huwa zimejikunja na uwezo wake wa kupona umefifia. Jeraha limekuwa sugu. Skafoidi huinama kuelekea kiganjani, lunati huinuka kuelekea mgongo wa mkono, na nafasi kati yake hupanuka. Nafasi inayozidi milimita 3 katika eksirei huwatia madaktari shaka. Wataalamu wa Magharibi waliipa alama hiyo jina la Terry-Thomas, mchekeshaji wa Uingereza aliyejulikana kwa pengo la meno yake ya mbele. Kiswahili hakina haja ya kumwazima mchekeshaji huyo: neno mwanya lipo, linaeleweka na kila mtu, na “alama ya mwanya” ingefaa zaidi, ingawa mwanya wa meno kwa Waswahili ni uzuri na huu wa mifupa ni maradhi.

Jeraha lisipotibiwa, gegedu husagika mwaka hadi mwaka, kuanzia ncha ya mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Watson na Ballet walieleza mpangilio wa usagikaji huo mwaka 1984.

2.0 Upasuaji
Kujenga upya kunafaa pale ligamenti isiposhoneka tena, lakini mifupa bado inarudishika mahali pake na gegedu ni zima. Mbinu iliyoenea ilitokana na kazi ya Brunelli mwaka 1995, ikaboreshwa na Garcia-Elias, Lluch na Stanley katika andiko lao la mwaka 2006. Daktari huchukua utepe kutoka katika kano ya msuli mmojawapo unaokunja kifundo cha mkono, na kuuacha umeshikamana upande wa kiganjani. Utepe hupitishwa katika tundu lililotobolewa ndani ya skafoidi, hutokezea mgongoni mwa mkono, hukazwa juu ya lunati, huzungushwa kwenye ligamenti nyingine ya jirani na kushonwa. Nyaya nyembamba za chuma hushikilia mifupa kwa wiki kadhaa, mkono ukiwa ndani ya plasta, ambayo wengi nchini Tanzania huiita hogo. Kisha huja miezi ya mazoezi.

Matokeo ya kawaida ni maumivu kupungua na nguvu ya kushika kuongezeka. Hata hivyo, sehemu ya mkunjo wa kifundo hupotea, na mwanya unaweza kurudi. Kama gegedu limekwisha kusagika, upasuaji huu haufai. Mgonjwa huondolewa safu ya mifupa iliyo karibu na kigasha, au mifupa yake kadhaa hushikamanishwa iwe kitu kimoja.

3.0 Je, kano hujenga kano?
Aya mbili zilizotangulia zimeandikika kwa sababu moja tu: kano na ligamenti zimetenganishwa. Katika matumizi ya kawaida, na katika kamusi kadhaa za jumla, kano hubeba dhana zote mbili, ile ya uzi unaofunga msuli kwenye mfupa na ile ya uzi unaofunga mfupa kwa mfupa. Mgonjwa akiambiwa “tutachukua kano tutengeneze kano”, ana haki ya kuuliza kwa nini kiungo kimoja kilegezwe ili kingine kikazwe. Akielezwa kwa neno mshipa, hali ni mbaya zaidi, maana mshipa ni njia ya damu, ni neva, na kwa wengine ni ngiri. Pendekezo hapa ni kano ibaki kwa uzi wa msuli, maana ambayo hata muuza nyama anaijua, na ligamenti itumike kwa uzi wa mfupa kwa mfupa. Neno geni lenye maana moja ni bora kuliko la asili lenye maana mbili, pale kisu kinapohusika.

Kuunganisha ni hatari zaidi. “Tutaunganisha mifupa yako” inaweza kumaanisha kuifunga tena kwa ligamenti mpya, mkono uendelee kukunjika, au kuishikamanisha ili isisogee tena kamwe. Fundi seremala anayetia saini akidhani ni la kwanza, akapata la pili, hakuridhia chochote. Kujenga upya ligamenti na kugandisha mifupa ni jozi inayoondoa utata huo.

Lipo pia jina la kiungo. Kiwiko cha mkono kimewahi kuandikwa katika kamusi kwa maana ya kifundo. Lakini katika kampeni za UVIKO-19 za mwaka 2020 wananchi walihimizwa kukohoa kwenye kiwiko, yaani kisugudi. Fomu ya ridhaa iandike kifundo cha mkono, na iambatane na mchoro.

4.0 Kwa watunga sera
Mafunzo ya upasuaji katika ukanda huu hutolewa kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa huko Burundi na Kongo. Hivyo daktari hutafsiri papo hapo, kando ya kitanda, kila mmoja kwa maneno yake. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na wanaotarajiwa kusoma nyaraka za umma kwa lugha hii wanaongezeka hata mahali ambapo si lugha ya nyumbani. Istilahi za tiba zinazosanifiwa na kila nchi peke yake zitawafikia wasomaji hao zikiwa zinagongana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuanza na orodha fupi ya maneno ya ridhaa, kabla ya kamusi kubwa: kano, ligamenti, gegedu, kujenga upya, kugandisha, kifundo. Orodha hiyo ijaribiwe kwanza kwa wagonjwa wa Kampala, Kigoma na Mombasa, waulizwe kwa maneno yao wenyewe wanadhani watafanyiwa nini, kisha ndipo kamati iketi.